Marinda ya Dari

Jumanne, 4 Machi

Kwa Mzee Mwenye Nyumba,

Shikamoo, Mzee. Ni mimi tena, Fundi Cherehani wa ghorofa ya juu, chumba cha pembeni. Nakuandikia kwa sababu mkataba wetu unasema malalamiko yaletwe kwa maandishi, na kwa sababu kila nikipiga simu yako wanapokea watu wanaosema umelala. Pole kwa usingizi.

Dari linavuja, Mzee. Halivuji kidogo. Mvua ikianza nje, na ndani inaanza, ila ya nje inakatika mapema. Kitanda cha mama yangu nimekisukuma kutoka dirishani hadi kabatini, kutoka kabatini hadi mlangoni, na sasa ukuta umeniishia. Mama ni mgonjwa wa kiharusi. Hawezi kuinuka akasogea mwenyewe tone likimwangukia usoni.

Mkataba huohuo unasema paa, kuta, mabomba na ngazi ni juu yako. Mimi ninalipa, ninafagia, sipigi kelele. Cherehani yangu tu ndiyo inayopiga kelele, na hiyo ulikubali.

Naomba uje uone, au umtume mtu anayejua kupanda ngazi.

Wako kwa heshima,
Fundi Cherehani


Ijumaa, 7 Machi

Dada yangu Mkunga,

Shikamoo. Gari la dawa linaondoka mchana kuja huko kwenu, kwa hiyo naandika mbiombio. Siku watakapowaletea mtandao huko zahanati nitachinja kuku, na kuku mwenyewe ulete wewe.

Mama hajambo. Anakula vizuri. Mkono wa kushoto una nguvu, juzi alinifinya nilipomchana nywele vibaya. Kusema bado. Anatazama, anaelewa, anacheka hata, lakini neno halitoki tangu siku ile alipougua. Daktari anasema huenda likarudi, huenda lisirudi.

Nimempambia chumba! Kwa kuwa analala chali anatazama juu kutwa, nimemshonea dari la kitambaa. Rangi ya maziwa, marinda madogomadogo kutoka pande zote nne yanakutana katikati kama ua. Nimelishona kwa uzi wa maturubai, nikaligongomea pembeni kwa fito. Jirani yangu Fundi Saa alipanda kuliona akasema anaona haya kurudi chumbani kwake. Mama haliondolei macho.

Chumba ni kikavu na kizuri. Usianze tena ile habari yako ya kumhamisha.

Mdogo wako,
Fundi


Jumatano, 12 Machi

Binti yangu Fundi,

Marahaba. Nimepokea barua yako na kuisoma kwa utulivu, kama mtu mzima anavyopaswa kusoma.

Labda hujui kwamba nyumba hiyo aliijenga marehemu baba yangu. Hakuajiri mtu kwenye paa. Alipanda mwenyewe, akapiga kila msumari, na mimi nilikuwa chini nikimrushia. Alipomaliza alimwaga maji juu, akatuingiza sote ndani, tukatazama. Halikudondoka tone. Kwa hiyo niwie radhi nikisema paa la baba yangu halivuji. Unyevu unaweza kutoka kwenye pasi yako ya mvuke, au kwenye nguo unazoanika ndani.

Hata hivyo sipendi kuitwa mwenye nyumba mbaya. Mpwa wangu, anayefanya kazi ya bima na ana jicho kali, atapita Jumapili.

Mzee wako,
Mwenye Nyumba


Jumanne, 18 Machi

Binti yangu Fundi,

Mpwa wangu amerudi, na sijawahi kumsikia akisifu kitu namna ile. Anasema chumba chako kinanukia sabuni, vikombe vinang'aa, na dari lako ni la hoteli! Ameomba nikuulize kama unaweza kumshonea mkewe la namna hiyo.

Nimefurahi sana. Basi tumeelewana kwamba hakuna tatizo. Endelea kuitunza nyumba ya baba yangu hivyohivyo.

Mzee wako,
Mwenye Nyumba


Alhamisi, 20 Machi

Mzee wangu,

Nilisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Kosa ni langu nusu, nalikubali. Mimi nimekuzwa hivi: mgeni akija, kilichochanika kinafunikwa. Ndiyo kazi yangu pia. Mtu ananiletea gauni lililoungua, nalirudisha hakuna anayejua paliungua wapi. Niliposikia mpwa wako anakuja nilifua, nikapiga pasi, nikaondoa ndoo zote nikazificha kwa Mwalimu, jirani yangu wa mkabala. Nilimkaribisha akae, nikamwandalia chai. Nilikuwa namngoja aulize juu ya dari. Yeye akatazama juu akasema, "Lahaula!" Akanywa chai akaondoka.

Dari lenye marinda ni kitambaa, Mzee. Nililitundika ili maji yafuate mishono yaende pembeni, yaingie kwenye beseni badala ya kinywani mwa mama yangu. Juu ya kitambaa kuna mbao zilizooza. Juu ya mbao sijui kuna nini.

Pasi yangu ni ya mkaa. Haina mvuke.

Njoo wewe mwenyewe. Ukichelewa nitakwenda Ofisi ya Nyumba, nami sitaki tufike huko.

Fundi Cherehani


Jumatatu, 24 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba mpenzi. Jana nimezalisha mapacha, wa pili alitanguliza mguu. Wote wazima. Mama yao alinishika sikio mpaka leo linauma.

Nakuuliza kitu. Barua tatu sasa unaniandikia dari, dari, dari. Mimi nakujua toka unanyonya. Ulipovunja sahani ya Mama ulikuja kunisifia meza. Sasa nambie: chini ya hilo dari kuna nini, au juu yake kuna nini?

Na katika ile ya mwisho umeandika Mama "anakohoa kidogo tu asubuhi". Mgonjwa wa kiharusi hakohoi kidogo tu. Hapa nina nyumba ya serikali, chumba kimoja kitupu, kikavu kama biskuti. Sitaki kugombana na wewe. Nataka Mama apumue.

Dada yako,
Mkunga


Ijumaa, 28 Machi

Dada,

Umenikamata. Haya.

Chumba kinavuja tangu mvua za mwaka jana. Ukuta wa upande wa barabara umeota ukungu hadi usawa wa kifua. Dari nililokusifia nililishona kuficha. Nilimficha Mama asione madoa, nikakuficha wewe usimchukue, na kwa ujinga wangu nikamficha hata mwenye nyumba, ambaye ndiye niliyekuwa namlilia aone.

Nilisema uongo kwa sababu naogopa, dada. Wewe unaitwa kuzalisha saa yoyote, nani atakaa naye? Na mimi nimezoea kumgeuzia uso nikishona. Anajua nikikosea mshono hata kabla yangu, anagonga kitanda kwa mkono wake mzima. Akiondoka sijui nitamshonea nani.

Lakini kikohozi kimenitoa kwenye ujinga. Mwalimu amenisomea mkataba mstari kwa mstari kwa sauti ya darasani, na juzi nilikwenda Ofisi ya Nyumba pamoja naye na Fundi Saa. Nilidhani watanifukuza. Mama mmoja pale akaniambia mpangaji hafukuzwi kwa kulalamika, na kwamba kuandika kwangu kabla ya kwenda pale kumenisaidia. Mkaguzi anakuja Jumamosi ijayo.

Mkaguzi mwenyewe ameniachia sharti moja pale ofisini: nisipambe chochote. "Nataka nione anachokiona mgonjwa," alisema. Unajua hilo ni gumu kwangu kuliko kulala kwenye maji. Fundi Saa ameniahidi ataificha pasi.

Nikishalishusha hilo dari, kama hapafai, nitamleta Mama kwako mwenyewe. Nimeapa.

Mdogo wako mwongo,
Fundi


Jumapili, 6 Aprili

Dada,

Keti kwanza.

Jana Mkaguzi amekuja, mwanamke mfupi mwenye buti za mpira na tochi kifuani. Tulimkalisha Mama kwenye kiti tukamtoa hadi ukumbini. Tulitaka kumpeleka mbali zaidi, akashika fremu ya mlango kwa mkono wa kushoto, basi ikawa kazi bure. Tukamwacha pale mlangoni anatazama.

Mkaguzi akapapasa kitambaa kwa fimbo. Akasimama. Akasema, "Hebu wote rudini nyuma." Akawaita Fundi Saa na Mwalimu, wakaweka meza yangu ya kukatia chini ya katikati, na juu ya meza godoro. Kisha akaniambia nikate pindo polepole, upande mmoja mmoja.

Nilikata. Nilipofika upande wa tatu kitambaa kilishuka kwa uzito ambao sikuutarajia, kikakaa juu ya godoro, na ndani yake, dada, zilikuwa mbao za dari. Zote. Zilikwisha kuanguka siku nyingi, sijui lini. Zimelala ndani ya marinda yangu zimelowa kama mkate kwenye chai. Mama amekuwa akilala chini ya mzigo ule, na kilichoushikilia ni uzi wangu wa maturubai.

Nilishika cherehani.

Halafu Mwalimu akasema, "Tazameni juu," kwa sauti ndogo sana, yeye ambaye hajui sauti ndogo.

Unakumbuka ule mti mbichi unaoonekana juu ya nyumba yetu ukiwa barabarani? Uliwahi kuusifu wewe mwenyewe, ukasema unaleta kivuli. Sote tulidhani umeota uani nyuma. Umeota juu ya paa. Ndege alidondosha mbegu kwenye mfereji wa mvua, mfereji haukusafishwa, mbegu ikapata udongo. Mizizi imeinua mabati, ikaingia, ikashuka ndani. Ilikuwa imejaa pale juu, dada, kutoka ukuta hadi ukuta. Minene kama mkono wangu imekumbatia kenchi, zile mbao zinazobeba mabati, myembamba kama nywele inaning'inia, na kila unywele una tone la maji nchani, na mwanga unaopenya kwenye mabati unayapiga matone yote kwa pamoja. Chumba kizima kilikuwa kinameta.

Fundi Saa alivua kofia. Mimi nilitaka kulia na nilitaka kucheka, na niliogopa, na sijawahi kuona kitu kizuri hivyo ndani ya nyumba ya mtu. Mwaka mzima kiumbe kikubwa namna ile kimekuwa kikinywa maji juu ya kichwa chetu, nasi tunabadilisha ndoo.

Nikamtazama Mama. Hakushtuka hata kidogo. Alitazama mizizi ile kama mtu aliyekuwa akiwasikia wageni nje, na sasa mlango umefunguliwa.

Mkaguzi ameandika amri: asilale mtu humo, mwenye nyumba atupe mahali pengine pa kulala, na paa lianze kufanyiwa kazi mara moja. Kabla ya kuondoka alikishika kitambaa, akavuta mshono kwa nguvu, haukukatika. Akasema, "Mshono wako mzuri sana. Usiutundike tena juu ya kitanda cha mtu."

Mwalimu ametupa chumba chake kwa sasa, yeye analala kwa Fundi Saa, wanagombana juu ya redio. Kitanda cha Mama kinatazama mlango, na mlango unatazama chumba chetu cha zamani. Hakubali ufungwe.

Njoo umchukue. Sitabisha.

Fundi


Jumamosi, 12 Aprili

Binti yangu Fundi,

Nilifika Alhamisi. Nilikukosa, Fundi Saa akaniambia umepeleka sare za shule. Pengine ilikuwa heri, maana sikuwa mtu wa kutazamwa.

Nilikuja na hasira. Nilikuwa na ile amri mfukoni, na maneno ya kukwambia njia nzima. Nikapanda ngazi ambazo nilizipanda nikiwa mtoto. Nikasimama katikati ya chumba, nikatazama juu.

Sijui nikwambieje. Nilitafuta misumari ya baba yangu. Mmoja niliuona. Mzizi ulikuwa umeumeza nusu, kichwa tu kimebaki nje. Nilijikuta naona fahari, kwamba mti ule wote umevuta na kusukuma na kenchi zake hazijaanguka. Halafu nikaona beseni zenu zimepangwa ukutani, na alama za miguu ya kitanda sakafuni jinsi zilivyotoka dirishani zikienda mlangoni, na fahari ikaniisha. Baba yangu alitumwagia maji ili tuone kama tuko salama. Mimi nililinda jina lake nikaacha watu walowe ndani ya nyumba yake. Naona aibu, na ninaiandika kama ilivyo.

Nilipokuwa bado nimesimama pale, mama yako aliniita kutoka kitandani, chumba cha mkabala. Alisema, "Umechelewa." Niliinama nikamwambia, "Ni kweli, mama yangu." Tafadhali mwombe radhi tena kwa niaba yangu, nadhani sauti yangu haikumfikia.

Mafundi wanaanza Jumatatu. Chumba cha chini nilichokuwa nimekifunga na vitu vya marehemu nimekifungua, kimefagiliwa, hamieni humo mpaka kazi iishe. Chumba chenu cha juu ni chenu, naandika hapa ili mtu asije akawageuka, hata mimi mwenyewe. Kodi tutazungumza paa likishakuwa paa.

Mzee wako,
Mwenye Nyumba


Jumapili, 13 Aprili

Mzee,

Barua yako imenifikia kwa mkono sasa hivi. Sitaki radhi, wala sizungumzii paa. Naomba unijibu jambo moja tu, kwa mkono wa huyuhuyu aliyeileta.

Alisema nini? Ni yeye? Una hakika ni mama yangu aliyesema, au ni mtu mwingine aliyekuwa ukumbini?

Mama yangu hasemi, Mzee. Hajasema tangu alipougua.

Fundi


Jumapili, 13 Aprili, jioni

Binti yangu,

Naandika mjumbe akiningoja, unisamehe mwandiko.

Ni yeye. Ukumbini hapakuwa na mtu, Fundi Saa alikuwa ameshuka dukani kwake. Nilisikia sauti nzito kidogo, ya polepole, nikageuka. Alikuwa ananitazama moja kwa moja. Alisema neno hilo moja, akalirudia, mara ya pili vizuri zaidi. "Umechelewa."

Nilidhani husema kila siku. Wallahi sikujua nimepewa nini.

Mwenye Nyumba


Ijumaa, 18 Aprili

Dada yangu, dada yangu,

Nakutumia barua za Mwenye Nyumba pamoja na hii. Zisome kwanza, lia, halafu urudi hapa.

Nilipoisoma ile ya pili nilipanda ngazi mbilimbili. Mama alikuwa ametazama mlango kama kawaida yake. Nikapiga magoti nikamwambia, "Mama, umesema na yule mzee?" Akanitazama. Nikamwuliza, "Mbona kwangu hujasema?" Nilikuwa nina wivu, dada, sikufichi. Mwaka mzima nimekuwa nikimwimbia, nikimhesabia vifungo, nikimtajia majina ya nguo, nikisubiri hata "a". Mtu anakuja mara moja na koti lake, anapewa neno zima!

Akahangaika na mdomo. Nikaona anavyolitafuta neno, anavyolishika, linamponyoka, analirudia. Nikamwambia aache asijichoshe. Akanifinya. Halafu akasema, polepole sana, "Nilikuwa. Namngoja. Yeye."

Nimekaa na maneno hayo siku zote hizi, na bado nywele zinanisimama. Mimi nilidhani namficha. Alikuwa anasikia kila tone, anaona kitambaa kinavyoshuka siku hadi siku juu ya uso wake, anajua mlango ule mtu gani hajaingia. Alikuwa ameshika neno lake kwa ajili ya mwenye kustahili kuambiwa. Daktari anasema si hivyo, anasema ni ubongo unapona, na hasira nayo husukuma. Daktari aseme anavyotaka.

Tumehamia chumba cha chini. Mafundi wameondoa mabati yote ya upande wetu. Jumatano walikata mti, na mzizi mkubwa ulipotoka kwenye kenchi nyumba nzima ililia kama kiti anapoinuka mtu mnene. Mwenye Nyumba yupo kila siku, na nguo chafu, anawarushia mafundi misumari kutoka chini. Hakuna aliyemwomba. Kila asubuhi anapita mlangoni kwetu anamwamkia Mama, na Mama anamwangalia kwanza mikono kabla ya kumwitikia kwa kichwa.

Kikohozi kimepungua. Chumba ni kikavu, na safari hii ukija utapapasa ukuta mwenyewe.

Jana tulimbeba na kiti chake hadi juu kwa dakika chache, kwa kuwa alidai kwa kidole mpaka tukachoka kubisha. Chumba chetu hakina kitu juu sasa. Kenchi tupu, na baada ya kenchi ni mbingu, bluu, na wingu moja linapita kama halina haraka. Mama aliinua uso akafumba macho. Hakuna kilichomdondokea. Mimi nilisimama pale mlangoni nikamtazama.

Nikamwambia yale tuliyokubaliana kwenye barua zetu: kwamba unakuja na gari la dawa, kwamba kwako kuna chumba kizuri, kwamba uamuzi ni wake na hakuna atakayenuna. Nilijikaza sauti isitetemeke. Nikamwuliza, "Utakwenda kwa Dada, Mama?"

Akafumbua macho. Akatazama juu kwa mafundi, akatazama kenchi moja moja, akamtafuta Mwenye Nyumba mpaka akamwona ameshika kopo la misumari. Akaelekeza kidole kwake, kisha kwenye paa.

"Wamalize," alisema. "Kwanza."

Basi njoo, dada, lakini uje na nguo za kukaa. Na kile kitambaa cha marinda nimekifumua, kinatosha shuka mbili, moja yake na moja yako.

Mdogo wako,
Fundi